Nkungu: mlango upi wa kubisha hodi?

NKUNGU, Rusizi – Mfanyabiashara anayevuka kutoka Bukavu kufuata mazao Nkungu huuliza bei, lakini kuna swali la kutangulia: nani mwenye kauli hapa? Akibisha mlango usio wake, siku inapotea, na mazao mabichi hayasubiri.

Nkungu ni umurenge, karibu sawa na kata ya Tanzania. Ni mmoja kati ya imirenge 18 ya Wilaya ya Rusizi. Mpangilio huu ulianza mwaka 2006, mkoa wa Cyangugu ulipofutwa na Rwanda ikabaki na mikoa minne, Jiji la Kigali na wilaya 30. Chini ya umurenge kuna akagari, kisha umudugudu, yaani kijiji. Viongozi wa kijiji huchaguliwa na wakazi wenzao na hawalipwi mshahara.

Mkenya aliyezoea kumpigia gavana kura atashangaa kidogo. Meya wa wilaya hapigiwi kura moja kwa moja na wananchi. Hutoka miongoni mwa madiwani wa baraza la wilaya, Njyanama. Humo wamo pia wawakilishi wa vijana, wanawake, watu wenye ulemavu na sekta binafsi. Baraza ndilo hupitisha bajeti, kwa hiyo kilio cha soko bovu au barabara mbaya kina mahali pa kusikika.

Kazi za kila siku za umurenge zimo mikononi mwa katibu mtendaji, ambaye wenyeji humwita gitifu. Yeye ni mwajiriwa wa umma, hakuchaguliwa kwa kura. Miji mingi ya wastani ya Marekani hufanya vivyo hivyo: wananchi huchagua baraza, baraza huajiri meneja wa kuendesha mji.

Kosa la kawaida ni kumpelekea gitifu au meya mzigo uliokwama mpakani. Forodha na uhamiaji katika vivuko vya Rusizi ni kazi ya serikali kuu. Leseni ya biashara, ipatanti, ni mapato ya wilaya, ila hulipwa kupitia Mamlaka ya Mapato ya Rwanda.

Kwa ufupi: ugomvi wa jirani na jirani huanzia kijijini na kwa wapatanishi, abunzi. Huduma za eneo ni kwa gitifu. Soko na barabara za wilaya ni kwa baraza. Mzigo mpakani ni kwa forodha, na stakabadhi iwe mkononi.