Kupima na Kukisia: Istilahi za Mwangwi wa Chini ya Ziwa

Katika kuunda istilahi za elimu ya miamba, hatuna budi kutenganisha maneno mawili ambayo aghalabu huchanganywa: kupima na kukisia. Tofauti yao yadhihirika vema katika Ziwa Nyasa, lipakanalo na Kyela mkoani Mbeya, na Ludewa, wilaya iliyokuwa ya Iringa kabla ya kuundwa Mkoa wa Njombe mwaka 2012.

Mabaharia wa zamani walitia bildi ili kujua kina cha maji. Siku hizi chombo hupeleka sauti chini, nayo hurudi kama mwangwi. Majini sauti huenda kiasi cha meta 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirejea baada ya nusu sekunde, sauti imekwenda na kurudi meta 750. Kina ni meta 375. Huko ni kupima.

Sauti nzito hupenya sakafu ya ziwa, na sehemu yake hurudi kila ikutanapo na tabaka jingine. Nguvu ya mwangwi hutegemea tofauti ya ukinzani-sauti, yaani msongamano wa kitu ukizidishwa kwa mwendo wa sauti ndani yake. Mwamba hurudisha mwangwi mkali, tope laini hafifu. Lakini tope lenye viputo vya gesi nalo laweza kurudisha mwangwi mkali. Basi mwangwi mmoja waweza kuwa na maelezo mawili. Huko ni kukisia.

Katika miaka ya 1980, mradi wa PROBE wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ulitumia njia hii ziwani humo, ukaonyesha mashapo yenye unene wa kilometa kadhaa na nyufa kubwa za miamba. Jambo hili si la wataalamu peke yao. Desemba 2009 matetemeko yaliitikisa Karonga, nchini Malawi, jirani na Kyela. Mwananchi asomaye ramani ya nyufa hizo ana haki ya kujua lipi limepimwa na lipi limekisiwa.

Wapo wanaoona kwamba kukisia ni kubahatisha. Sivyo. Mkulima wa Kyela hukisia magunia ya mpunga kwa kulitazama shamba lake kabla ya mavuno. Ana ushahidi, ila hajahesabu. Kwa hiyo twapendekeza ukisiaji, si upimaji, kwa kazi ya kutambua aina ya sakafu kwa mwangwi.