Kuupanda Mto Tana: Likizo ya Familia kati ya Kiambere na Mlima Kenya

Likizo ndefu ya shule inapokaribia, nyumba nyingi za Mwambao huanza mashauri. Baba ataka mahali pasipo na gharama kubwa, vijana wataka mahali pa kupigia picha, wadogo wataka kuona wanyama, na nyanya ataka pasiwe mbali. Mama mwenye nyumba, lau ataulizwa, atasema ataka kupumzika. Mara nyingi haulizwi. Safari ikafanyika, akahamisha jiko lake kutoka mji mmoja hadi mwingine, akarudi amechoka kuliko alivyoondoka.

Juma hili twapendekeza safari ambayo wengi wetu hawajaifikiria: upande wa kusini-mashariki wa Mlima Kenya, kuanzia bonde la Kiambere hadi misitu ya juu ya Embu na Meru. Si safari ya anasa, lakini ikipangwa vema kila mtu wa nyumba atapata fungu lake.

Mto tuujuao mkiani

Sisi watu wa Pwani twaujua Mto Tana mkiani mwake: Hola, Garsen, na Kipini unakomwaga maji baharini. Watoto wetu wamesikia habari za mafuriko yake, kama yale ya Aprili na Mei 2024 yaliyowatoa watu majumbani mwao. Ni wachache walioona maji hayo yanakotoka. Mto huu hukusanya vijito vya Mlima Kenya na vya milima ya Aberdare, kisha husafiri takriban kilomita 1,000 hadi kwetu.

Kabla ya kuingia nchi kame ya mashariki, mto hupita katika mabwawa matano ya umeme yaliyofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma ndilo la kwanza kujengwa, likaanza kazi mwaka wa 1968. Kamburu likafuata 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere 1988. Kiambere ndilo la mwisho mto ushukapo, mpakani mwa Embu na Kitui, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 168. Maelfu ya wakazi wa pande hizo walihama ili ziwa lile lipate nafasi. Mtoto akisimama juu ya kilima akalitazama ziwa katikati ya nchi ya miiba na vumbi, hatahitaji kuambiwa tena kwa nini taa ya nyumbani si ya kuachwa ikiwaka bure.

Jambo moja lishikwe sana: Kiambere si ufukwe wa Nyali. Ziwa lina mamba na viboko, na kingo zake huteremka ghafula. Mtoto aliyezoea kuogelea baharini atadhani maji ni maji. Asiachwe karibu na ukingo, wala mtu asishuke kunawa miguu. Kuingia eneo la bwawa na mitambo kwahitaji ruhusa, basi iombwe mapema, wala msitegemee kubembeleza mlinzi langoni. Nchi hii ni ya joto na ina mbu wa malaria. Vyandarua vichukuliwe kama tungechukua tukienda shamba.

Mlima na kiasi chake

Mlima Kenya haukuwa mgeni kwa Pwani. Ludwig Krapf, aliyekuwa na makao yake Rabai karibu na Mombasa, aliuona kutoka Kitui mwaka wa 1849 baada ya kusafiri bara pamoja na Wakamba. Na Halford Mackinder alipofika kileleni Septemba 1899, msafara wake ulikuwa na Waswahili wapatao 66. Watu wa Mwambao waliuzoea ubaridi wa mlima ule tangu zamani, na mizigo vichwani.

Kilele cha Batian kina mita 5,199 na Nelion mita 5,188. Hivyo ni vya wapanda miamba wenye kamba. Lenana, mita 4,985, hufikiwa kwa miguu na watu wazima walioandaliwa, kwa siku kadhaa, pamoja na kiongozi. Hapo ndipo familia nyingi hukosea. Kijana mmoja akiona picha ya Lenana, nyumba nzima huvutwa kumfuata.

Mtu atokaye usawa wa bahari hana mazoea ya hewa nyepesi. Kuanzia mita 2,500 hivi, wengine huanza kuumwa kichwa, kutapika na kukosa usingizi. Mtoto mdogo hawezi kueleza. Atalia tu na kukataa chakula. Dawa ya kwanza ni kuteremka, si kuvumilia. Mwenye kukohoa huku akitweta hata amepumzika, au anayepepesuka na kusema maneno yasiyoeleweka, ateremshwe saa ile ile na apelekwe hospitali.

Wenye shinikizo la damu, pumu au moyo, na wajawazito, wamwone daktari kabla ya kulipa nauli. La muhimu zaidi kwetu ni ugonjwa wa seli mundu, ambao upo katika nyumba nyingi za Pwani. Baridi na upungufu wa hewa vyaweza kumletea mgonjwa maumivu makali. Mtoto wa namna hiyo asipandishwe juu bila idhini ya daktari wake. Na akikatazwa, mpango wa familia yote ubadilike, wala asiachwe nyuma kwa jirani.

Kanuni yetu basi ni hii: mnyonge wa nyumba ndiye apimaye safari. Mji wa Embu, wenye mwinuko wa mita 1,350 hivi, wamfaa karibu kila mtu. Laleni hapo siku mbili kwanza. Kisha mwaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo hadi msitu wa Irangi, upande wa Embu, au kuelekea Chogoria kwa upande wa Meru, bila kulala juu. Kijana mwenye hamu ya Lenana aahidiwe safari yake mwenyewe siku nyingine, pamoja na kiongozi aliyesajiliwa.

Wakati na njia

Agosti hudanganya. Pwani huwa na upepo mwanana, lakini Embu na Meru huwa na baridi, ukungu na manyunyu, na mlima waweza kujificha juma zima. Mvua kubwa huwa Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Wakati mzuri kwa familia ni mwisho wa Desemba na mwanzo wa Januari, mawingu yanapopungua. Hata hivyo mlima hupenda kuonekana alfajiri. Wanaoamka kuswali ndio wauonao.

Kutoka Mombasa hadi Nairobi kuna basi, au reli ya SGR iliyofunguliwa mwaka wa 2017, ambayo huchukua saa tano au sita hivi. Laleni Nairobi ikiwa kuna wazee au wadogo. Kesho yake njia ya Thika na Makutano itawapitisha Mwea, shina la mchele wa pishori ambao bila huo biriani zetu hazina sifa. Mashamba hayo yalianzishwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa kazi ya wafungwa, na maji yake hushuka kutoka mlima huo huo. Watoto washuke waone mpunga umesimama majini, na mama anunue mchele kwa bei ya huko.

Baada ya Mwea, nchi yenyewe ni somo: mpunga bondeni, kahawa katikati, majani ya chai juu, kisha msitu. Mkiteremka kuelekea Kiritiri na Kiambere, mtaona mtama, ndengu na miembe. Wapenda wanyama wana Hifadhi ya Mwea, karibu na mabwawa ya Masinga na Kamburu, iliyo ndogo na yenye twiga, pundamilia na ndege wengi. Wenye nafasi zaidi wana Mbuga ya Meru, alikoachiliwa simba Elsa.

Ibada na sitara

Safari hii imevuka mbali masafa ya msafiri. Kwa madhehebu ya Shafii, yaliyo mengi Mwambao, msafiri aweza kufupisha swala za rakaa nne na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Magharibi hubaki rakaa tatu. Mwenye kunuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka, huswali kamili. Muulizeni sheikh wenu mapema, msije mkabishana njiani. Kibla huko ni kaskazini, kikielekea mashariki kidogo tu, karibu sawa na Mombasa. Mjini Embu mlima huwa mbele ya mwenye kuswali, kushoto kidogo.

Embu na Meru zina misikiti na jamii za Waislamu za tangu zamani. Ulizeni hapo wapi pana nyama ya halali. Katika nyumba za kulala wageni, swali lisiwe tu kama chakula ni halali. Waulizeni kama vyombo hupikiwa nguruwe, kama kuna baa karibu na vyumba, na kama maji ya moto yapo saa kumi na moja alfajiri. Wanawake wavae suruali pana chini ya buibui, sweta, soksi nzito na viatu vya kufunga. Vazi refu hunasa kwenye mizizi na kulowa kwa umande.

Neno kuhusu muguka

Wazazi wenye vijana wasiifiche habari hii. Nchi ya Mbeere, iliyo na Kiambere ndani yake, ndiyo shina la muguka. Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi ziliupiga marufuku kwa ajili ya vijana wetu. Rais akasema marufuku hayo hayana nguvu ya sheria, nayo mahakama ikayasimamisha. Huko mtauona umepandwa kando ya njia na kuuzwa sokoni mchana kweupe.

Zungumzeni na vijana kabla ya kuondoka. Waelezwe kwa nini nyumbani twaukataa. Waelezwe pia kwamba mkulima wa Mbeere, katika nchi isiyo na mvua ya kutosha, hulipa karo kwa majani hayo. Kijana akiuona mti huo na kumwona aupandaye, atajua tatizo lina pande mbili, naye aweza kuukataa bila kumdharau mtu. Mgeni hatukani shamba la mwenyeji.

Fedha na kazi

Andikeni gharama zote katika karatasi moja: nauli za kwenda na za kurudi, malazi, chakula, viingilio vya hifadhi, gari la kukodi Embu, na akiba ya ugonjwa isiyoguswa. Jumla ikizidi kilichopo, punguzeni siku, msikope. Deni la likizo hulipwa Januari, wakati wa karo.

Kisha gawanyeni kazi katika karatasi hiyo hiyo. Siku za Embu chakula kinunuliwe tayari, au baba na wavulana wapike. Mahamri na kaimati za njiani zipikwe na mabinti na ndugu zao wa kiume pamoja, siku moja kabla. Nyanya achaguliwe kiti cha dirishani. Na mama apewe angalau siku moja nzima ambayo hakuna atakayemwuliza chumvi iko wapi.

Zaidi ya hayo, chagueni mtu mmoja wa kuweka vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na dawa katika mkoba mmoja, na mwingine wa kuhesabu watoto kila mshukapo. Safari njema, na Mwenyezi Mungu awarejesheni salama, Inshallah.