Je, Wajua? Droni na Maji

JE, WAJUA kwamba maji huidanganya droni? Tumboni ina kamera ndogo zinazotazama chini ili itulie hewani palepale. Juu ya nyasi hakuna tabu. Juu ya mawimbi, kile inachokitazama nacho kinatembea, na jua likimetameta ndiyo kabisa. Ikiwa chini mno hupeperuka, au hushuka yenyewe polepole hadi ikaloa. Ipandishe mita kadhaa.

Kwamba kitufe cha kuirudisha nyumbani chaweza kuizamisha? Droni hukariri mahali iliporukia. Ukiirusha kutoka kwenye boti, na boti ikasogea, itarejea kwa utiifu wote pale boti ilipokuwa, kisha itue baharini! Badilisha kwanza alama ya nyumbani iwe ilipo rimoti. Boti ikiwa ya chuma, dira ya droni nayo huchanganyikiwa.

Kwamba safari huanza kwa kuukabili upepo? Hivyo utarudi nao. Wanaofanya kinyume huishiwa betri ufukwe ukionekana, na betri ikiisha droni haiombi ruhusa: hutua ilipo.

Kwamba mwaka 2018 droni ya kampuni ya Wingcopter, katika mradi wa DHL na shirika la maendeleo la Ujerumani, GIZ, ilivusha dawa Ziwa Victoria hadi kisiwa cha Ukerewe? Kilomita 60, dakika 40 hivi. Kwa barabara ni kilomita 240, saa 6.

Kwamba droni ikishazama, GPS na rimoti havina kazi? Mawimbi ya redio hufia sentimita chache ndani ya maji. Kilichobaki ni alama ya mwisho kwenye ramani ya simu yako. Ihifadhi picha ya skrini hiyo kabla hujaanza kulia.

Kwamba lipo boya dogo la kufunga kwenye droni? Kidonge kinachoyeyuka majini huizuia springi. Kikiyeyuka, boya hufyatuka na kupanda juu na uzi wake, nawe unavuta. Jaketi nyingi za uokoaji zinazojijaza zenyewe hutumia ujanja huohuo.

Kwamba muuaji mkubwa ni chumvi? Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi, nayo hupitisha umeme na kula saketi. Iliyozama ziwani Mwanza ina nafasi nzuri ya kupona kuliko iliyozama baharini Kigamboni. Usiiwashe. Toa betri, suuza droni kwa maji yasiyo na chumvi, kisha kwa spiriti ya asilimia 90 na zaidi, uiache ikauke. Mchele uache upikwe pilau. Hauondoi chumvi hata chembe.

Betri iliyoingia maji ya bahari usiichaji tena: yaweza kuwaka hata baada ya siku kadhaa. Iweke nje, mbali na nyumba. Kadi ya kumbukumbu mara nyingi hupona.

Na leo hii, andika namba yako ya simu kwenye droni kwa wino usiofutika. Mvuvi akiinasa kwenye wavu, ajue pa kupiga.