Mshipa wa moyo umefunguliwa: sasa tufanye nini?

Ndugu watumishi, kila fundi wa pompi anajua jambo hili: tiyo ikijaa matope, maji hayapiti vizuri. Moyo wetu nao ni pompi, na unalishwa na mishipa yake midogo. Mishipa hiyo ikizibwa na mafuta, moyo unakosa damu, na mtu anasikia maumivu kifuani.

Wanganga wana njia mbili za kusaidia. Ya kwanza, wanapitisha tiyo nyembamba sana katika mshipa wa mkono au wa paja mpaka kwenye moyo, kisha wanapanua mahali palipozibwa kwa kipira kidogo. Munganga Andreas Grüntzig alianza kazi hiyo mjini Zurich, Uswisi, mwaka wa 1977. Tangu 1986 wanganga wanaweza kuacha ndani stenti, yaani wavu mdogo wa chuma unaoshikilia mshipa. Ya pili, wanapasua kifua na kuunga mshipa mwingine, kama njia ya kando pale barabara imeharibika.

Kisha mgonjwa anarudi nyumbani. Hapo makosa mawili yanamngojea.

Kosa la kwanza: «Nimepona kabisa.» Hapana! Mahali pamoja pamefunguliwa, lakini ugonjwa ungali katika mwili. Mwenye stenti anapewa aspirini pamoja na dawa ingine ya kuzuia damu isigande, mara nyingi kwa miezi 6 mpaka 12. Akiziacha kwa sababu hasikii tena maumivu, damu inaweza kuganda ndani ya stenti na kumwua. Asiziache bila neno la munganga. Tumbako aiache kabisa. Apunguze chumvi na makayabo, na bukari yake aile na lengalenga au sombe isiyojaa mafuta.

Kosa la pili: «Mimi sasa ni mtu wa kiti.» Hapana vilevile! Moyo unapata nguvu kwa kutembea. Aanze kidogo, aongeze kila juma, mpaka afikie dakika 30 kwa siku. Aliyepasuliwa kifua asinyanyue mizigo mizito kwanza: mfupa unaomba majuma 6 mpaka 12 kuunga. Anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu wala kukosa pumzi, kwa kawaida anaweza kulala tena na bibi yake; amwulize munganga bila haya.

Huzuni, woga na kukosa usingizi huwapata wengi. Si wazimu wala si kulogwa. Bibi na watoto wamsikilize, na munganga aambiwe: kuna msaada.

Na kazi je? Wengi wanarudi kazini. Lakini anayeendesha mashine kubwa, anayeshuka chini ya ardhi, au anayefanya kazi penye joto kali, apimwe kwanza. Kama ulitibiwa mbali, leta karatasi zako zote kwenye dispanseri. Usimfiche mkubwa wako wa kazi: ukianguka kwenye usukani, hutaumia peke yako.

Maumivu ya kifua yakirudi: acha kazi, kaa, ita mwenzako. Yakipita dakika 5, upelekwe hospitali mara moja. Usijiendeshe mwenyewe.

Munganga amefungua mshipa. Kuuchunga ni kazi yako, ya kila siku.