Gunia la Gakara na Mwale wa Gama

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na polisi mlindao bandari na mipaka yetu,

Katika milima ya Gakara, kusini mwa Bujumbura, mna madini adimu, yakiwemo monaziti. Uchimbaji wake ulifufuliwa mwaka 2017, na Serikali ikausimamisha mwaka 2021. Monaziti huwa na thoriamu, hata ikiwa kidogo, nayo hutoa mionzi. Gunia lake lipitapo penye chombo cha kupimia, kengele yaweza kulia. Je, ni mawe tu, au ni uraniamu ya magendo? Swali hili si la vitabuni: mwaka 1998 polisi wa Italia walikamata mjini Rome fimbo ya uraniamu iliyotoka katika tanuri la atomu la Kinshasa.

Jibu hupatikana kwa kupima nguvu ya kila mwale wa gama. Uraniamu 235 hutoa mwale wa elektrovolti 186,000, ingawa radiamu nayo hupiga karibu hapo, na asiye mwangalifu hudanganyika. Thoriamu hujulikana kwa mwale wa elektrovolti 2,614,000.

Mbona mkali hivyo? Thoriamu hugeuka hatua kwa hatua hata ikawa taliamu 208, nayo ikageuka risasi 208. Naam, risasi ileile ya bunduki zenu. Kiini chake kina protoni 82 na nyutroni 126. Nyutroni zimezidi kwa 44, na bado ni imara. Mwaka 1949 Maria Goeppert Mayer wa Marekani na Hans Jensen wa Ujerumani walieleza sababu: chembe hizo hukaa kwa ngazi, na 82 na 126 ni hesabu za ngazi zilizojaa. Juu ya ngazi iliyojaa pana pengo kubwa. Kiini kilichochochewa kinaposhuka na kutulia, hutoa mwale mkali.

Kwa njia hiyohiyo wataalamu huchunguza viini vilivyotengenezwa maabarani, vyenye nyutroni nyingi kupita kiasi na maisha mafupi kuliko kufumba jicho. Magnesiamu 32 ina nyutroni 20, hesabu ya ngazi iliyojaa. Ulitazamiwa mwale mkali. Ukaonekana wa elektrovolti 885,000 tu. Basi ngazi zenyewe husogea nyutroni zinapozidi mno.

Huko kwenu kituoni, kengele ikilia, gunia lisifunguliwe. Watu wasogezwe mbali, na chombo kipewe dakika chache kusoma miale.