Mwarobaini na ndugu yake wa mikokoni

Mto Ruvuma unapokaribia bahari, maji hupoteza kasi na kusambaa ndani ya mikoko. Humo huota mkomafi, mti wenye tunda la mviringo kama mpira. Likipasuka hutoa mbegu zenye pembe, na ukitaka kuzipanga upya zilivyokaa, utashinda hapo kutwa. Watu wa pwani hulitumia tunda hilo kwa maradhi ya tumbo. Panda kutoka mikokoni hadi uani kwa watu, Msimbati au Mikindani mkoani Mtwara, utaukuta mwarobaini, mgeni wa zamani kutoka Bara Hindi. Miti hii miwili ni ya ukoo mmoja, na urithi wao ni uchungu.

Mti haukimbii adui. Hujikinga kwa kemikali, na za ukoo huu huitwa limonoidi. Azadiraktini ya mwarobaini, iliyotengwa mwaka 1968, humvuruga mdudu akashindwa kujivua gamba na kukua. Ndiyo maana majani yake makavu huwekwa kwenye nafaka ghalani. Gedunini, inayopatikana kwa mwarobaini na mkomafi pia, imedumaza vimelea vya malaria maabarani. Ndani ya panya, hata hivyo, nguvu hiyo imeonekana hafifu.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo, kwa sababu Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini Tanzania. Mtoto mwenye homa akinyweshwa mchemsho wa majani usiku kucha, vimelea vinaendelea kuzaana, na kwa mtoto mdogo malaria kali haisubiri kukuche. Apimwe kwanza. Tone la damu ya kidoleni hutoa jibu kabla ya nusu saa, na dawa mseto inajulikana kipimo chake kwa uzito wa mtoto. Sufuria ya majani haina kipimo: mengine machanga, mengine makavu, maji kikombe au lita.

Tena, jani si mbegu. Kuoga maji ya majani kwa ajili ya muwasho ni jambo moja. Kunywa mafuta yaliyokamuliwa kwenye mbegu ni jingine kabisa. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga 13 waliopewa mafuta hayo: ndani ya saa chache walitapika, wakalegea kwa usingizi, ubongo ukaathirika. Mtoto asipewe hata kijiko.

Mjamzito naye asinywe mwarobaini, wala mwanamke anayetafuta mimba, kwani majaribio kwa wanyama yameonyesha kuwa unazuia na kuharibu mimba. Mwenye kisukari ana hatari yake: mti huu hushusha sukari, na ukikutana na vidonge vya hospitali sukari inaweza kuporomoka akazimia. Wengi humficha mganga wa zahanati habari za chupa iliyo nyumbani, wakihofia kufokewa. Mwambieni. Na ninyi mnaotoa huduma, ulizeni kwa upole, mkitaja mwarobaini kwa jina lake.