Kuunganisha Nyimbo za House kwa Kasi na Ufunguo

Kuunganisha nyimbo za house hutegemea mambo mawili: kasi na ufunguo. Kasi huhesabiwa kwa idadi ya mapigo katika dakika moja. Ufunguo ni noti ambayo wimbo mzima umejengwa juu yake, ile ambayo mwalimu wa kwaya huitoa kama "do" kabla waimbaji hawajaanza. Yote mawili yakipatana, nyimbo mbili zinaweza kupigwa pamoja kwa dakika nzima na anayecheza asijue moja imeishia wapi.

House ilianzia katika klabu za Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1980, na muundo wake wenyewe humsaidia DJ. Dramu nzito hugonga kwenye kila pigo, mapigo manne hufanya kipimo kimoja, na nyimbo nyingi huwa na mapigo 118 hadi 130 kwa dakika. Hata hivyo, tofauti ndogo tu inatosha kuharibu. Wimbo wa mapigo 124 ukipigwa sambamba na wa 125, baada ya nusu dakika dramu ya mmoja huangukia katikati ya dramu mbili za mwingine. Kwa hiyo DJ husikiliza wimbo unaofuata kwenye hedifoni, akaongeza au kupunguza kasi yake hadi dramu zigonge kwa pamoja.

Mapigo yakishalingana, bado kuna suala la mahali pa kuanzia. Nyimbo za house hupangwa kwa vifungu vya vipimo 8, 16 au 32, na ala huingia au kutoka kifungu kinapoanza. Wimbo mpya huanzishwa pale kifungu cha wimbo unaoendelea kinapoanza, ili mabadiliko ya nyimbo zote mbili yatokee kwa wakati mmoja. Kwa kasi ya mapigo 124, vipimo 16 huchukua takriban sekunde 31.

Ufunguo ndio unaoamua kama besi, kinanda na sauti za waimbaji zitapatana. Kila noti kati ya 12 inaweza kujengewa ngazi mbili za noti saba, ya meja au ya maina, hivyo kuna funguo 24: 12 za meja na 12 za maina. Funguo zinazochangia noti nyingi hupatana. A maina na C meja zina noti saba zilezile. A maina na E maina hutofautiana kwa noti moja tu. Ma-DJ wengi hutumia duara la Camelot, ambamo funguo za maina huandikwa 1A hadi 12A na za meja 1B hadi 12B. A maina ni 8A. Kutoka hapo, hatua salama ni kubaki 8A, kusogea hadi 7A au 9A, au kuvuka hadi 8B, yaani C meja.

Kasi na ufunguo huingiliana. Santuri ikizungushwa haraka zaidi, noti zake zote hupanda. Ongezeko la karibu asilimia 6 hupandisha wimbo nusu toni nzima, hivyo A maina huwa B flati maina, ambayo ni 3A, mbali sana kwenye duara. Kupandisha wimbo kutoka mapigo 124 hadi 128 ni ongezeko la asilimia 3.2. Hapo wimbo huangukia baina ya funguo mbili, na hakuna wimbo wa ufunguo wa kawaida utakaopatana nao barabara. Mashine na programu za kidijitali zina kitufe cha kufunga ufunguo, kinachobadilisha kasi bila kugusa noti, lakini kasi ikibadilishwa sana sauti huanza kukwaruza. Kwa sababu hiyo ni bora kuchagua nyimbo ambazo kasi zake zimekaribiana, kisha kupandisha kasi kidogo kidogo kadiri usiku unavyoendelea.

Hata funguo zikipatana, besi mbili zikipigwa pamoja huzibana. Kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, DJ hupunguza besi ya wimbo unaoingia, kisha mwanzoni mwa kifungu huibadilisha na ile ya wimbo unaotoka. Mahali ambapo wimbo mmojawapo una dramu peke yake, ufunguo haulazimishi kitu, na nyimbo nyingi za house huanza na kumalizika kwa dramu tupu. Programu zinazotambua ufunguo nazo hukosea, hasa katika nyimbo zenye noti chache, hivyo jibu lake huhakikishwa kwa sikio kabla wimbo haujafika kwenye spika.